Barua ya wazi kwa wabunge na waziri: wekeni tarehe ya kuwatoa wanyamapori kwenye sarakasi za kuhamahama

Kwa Waheshimiwa Wabunge,
na kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ustawi wa wanyama,

YAH: MSWADA WA KUPIGA MARUFUKU WANYAMAPORI KWENYE SARAKASI ZINAZOHAMAHAMA

Waheshimiwa, heshima yenu kwanza. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeimaliza yote. Barua ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa, ya pili nikaambiwa suala langu limepelekwa idara husika, idara husika nilivyoipigia simu wakasema mambo ya sarakasi ni ya watu wa burudani, watu wa burudani wakanirudisha kwa watu wa mifugo, na watu wa mifugo wakaniuliza kwani tembo ni mfugo? Hapana, tembo siyo mfugo, na hapo ndipo penye shida yote, kwamba kuna mnyama anabebwa kwenye lori mji kwa mji na hakuna ofisi hata moja inayokubali kwamba ni wa kwake.

Mswada mnao. Ulisomwa mara moja, ukaenda kamati, na huko kamati umelala mpaka leo. Naomba mniruhusu niseme kwa nini usiendelee kulala.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye sarakasi, alikuwa ameniomba wiki nzima. Wakati wa mapumziko akabanwa na haja tukazunguka nyuma ya hema kutafuta choo, na huko nyuma kati ya malori mawili alikuwa amesimama tembo jike, mguu wa mbele mmoja una mnyororo na mguu wa nyuma wa upande wa pili nao una mnyororo, sikio la kushoto limechanika kwa chini kama kitambaa. Alikuwa anayumba. Mguu mbele, mguu nyuma, kichwa kushoto, kichwa kulia, mkonga unapita palepale kwenye lami, na pale unapopita palikuwa pamesuguliwa pakawa na rangi tofauti. Jamaa mmoja wa pale akapita na ndoo akatuona tunaangalia, akasema kwa upole kabisa, huyu anapenda muziki, anacheza. Muziki ulikuwa umezimwa. Ilikuwa mapumziko, hema lote kimya, na yeye anaendelea tu kuyumba. Watu wanaosomea tabia za wanyama wanaijua hiyo hali vizuri, mnyama anarudia tendo moja lisilo na maana saa nzima kwa sababu akili yake haina kitu kingine cha kufanya, na tembo wa porini anayetembea na kundi lake huwezi kumkuta anafanya hivyo.

Shoo ilipoisha tulikaa nje kusubiri usafiri, nikaona wanamleta kwenye trela. Hakuna aliyemvuta, hakuna aliyemwambia kitu. Alifika kwenye ubao wa kupandia akapanda mwenyewe, akageuka mwenyewe mle ndani, akasimama anasubiri mnyororo. Nadhani kuna mtu angeniambia ona, ameshazoea. Mimi hicho kitu kilininyima usingizi.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Safari yenyewe ndo tatizo, na safari huwezi kuirekebisha.

Hili naomba mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Mara nyingi tukiongea habari ya sarakasi tunabishana kama mnyama anapigwa au hapigwi, na wenye sarakasi wanaleta picha wanamkumbatia simba wanasema ona tunavyopendana. Haya, tuseme hakuna anayepigwa hata kofi. Bado huyo tembo anaishi maisha ya lori. Tembo porini anakula karibu saa 16 kwa siku, anatembea huku anachuma, jike anakaa na mama yake na dada zake na shangazi zake maisha yake yote, anaoga matope, anajipaka vumbi. Ulingo wa sarakasi una upana wa mita 13 hivi, kipimo ambacho kilipangwa kwa ajili ya farasi kukimbia mduara, na huo ulingo ndo eneo kubwa zaidi ambalo mnyama huyo anakanyaga kwa siku nzima, tena kwa dakika chache tu, kisha anarudi kwenye mnyororo. Miguu na maungio ndo inayowaua tembo wengi walioko mikononi mwa watu, kwa sababu ya kusimama mahali pamoja kwenye sakafu ngumu mwaka hadi mwaka.

Chui milia ndo usiseme. Mnyama anayependa maji, anayeogelea, ambaye porini anatawala eneo la makumi ya kilomita za mraba mpaka mamia, peke yake, hataki hata jirani. Kwenye sarakasi anakaa kwenye bodi ya lori iliyogawanywa vyumba, anapiga hatua nne anageuka, nne anageuka, na upande wa pili wa nondo kuna chui mwenzie ambaye kwa maumbile yake asingetaka hata kumnusa.

Na kila kitu lazima kikunjike kiingie kwenye gari, ndo maana ya kuhamahama. Bwawa halikunjiki. Miti haikunjiki. Hivyo hata mwenye sarakasi mwenye roho nzuri kabisa (na wapo, sikatai) hawezi kumpa mnyama anachohitaji, sababu akimpa atashindwa kuondoka Jumatatu.

2. Mafunzo.

Tembo hasimami kwa kichwa kwa hiari yake. Simba hapiti kwenye pete ya moto kwa hiari yake, wanyama wengi wanaukimbia moto. Kinachotumika kwa tembo kinajulikana, ni fimbo yenye kulabu ya chuma kwenye ncha, inashikwa nyuma ya sikio, chini ya kidevu, kwenye miguu, pale ngozi ilipo laini. Ulingoni mbele ya watu mara nyingi haichomwi, inaonyeshwa tu na tembo anatii, na watazamaji wanadhani anatii kwa mapenzi. Mwaka 2016 simba 33 walitolewa kwenye sarakasi za Peru na Colombia wakasafirishwa kwa ndege mpaka Afrika Kusini, na wengi wao walikuwa wameng'olewa kucha na kuvunjwa meno, hivyo hata kurudishwa porini haikuwezekana tena. Kama wangekuwa wanafundishwa kwa upendo na vipande vya nyama tu, kucha zingewasumbua nini?

3. Hatari kwa watu.

Tarehe 20 Agosti 1994, Honolulu, Hawaii. Tembo jike anaitwa Tyke, aliyekamatwa Msumbiji akiwa mtoto, alimgeukia mtunzaji mbele ya watazamaji ulingoni, akamuua mwalimu wake aliyejaribu kumuokoa mwenzake, akatoka nje akakimbia barabarani katikati ya magari na watu kama nusu saa, polisi wakampiga risasi zaidi ya 80 mpaka akaanguka. Watoto waliokuwa ukumbini siku ile sasa ni watu wazima na bado wanaikumbuka. Hili linaweza kutokea popote, kati ya mnyama wa tani kadhaa na viti vya mstari wa mbele mara nyingi hakuna ukuta, kuna kamba na mtu mwenye fimbo. Halafu kuna kifua kikuu, tembo wanaambukizwa na wanadamu na wanaweza kukirudisha kwa wanadamu, hiyo imeshathibitishwa, na sisi tunawapandisha watoto mgongoni wapige picha.

4. "Tutawapa leseni, tutawakagua."

Hili ndo jibu nililopewa kwenye barua pekee iliyonijibu kitu cha maana, kwamba badala ya kupiga marufuku serikali inafikiria utaratibu wa leseni na ukaguzi. Waheshimiwa, njia hiyo ilishapitwa na wenzenu wakarudi. Uingereza walianzisha leseni kwa sarakasi zenye wanyamapori, kanuni za mwaka 2012 zikaanza kutumika 2013, walikagua na kuandika ripoti, na mwisho wa yote Bunge lao lenyewe likapitisha sheria ya marufuku mwaka 2019, ikaanza kazi Januari 2020. Wakati huo waliobaki kwenye sarakasi zenye leseni walikuwa wanyama 19 tu. Scotland walitangulia 2018, Ireland kanuni yao ilianza Januari mosi 2018, Wales wakafuata 2020. Kama sisi tunataka kuanza pale walipoanza wao 2012 ili tufike walipofika 2020, hiyo miaka ya katikati tembo wa kwenye mnyororo ndo anailipa.

Na fikirieni ukaguzi wenyewe unavyofanyika. Mkaguzi anapata malalamiko Ijumaa, anaandika barua ya kuomba gari, gari linapatikana Jumatano, anafika uwanjani anakuta majani yamekauka na alama za matairi. Wameshaondoka Jumapili, wako wilaya nyingine chini ya mkaguzi mwingine ambaye hana faili. Hata wakikutwa, mnyama anapigwa saa ngapi? Anne, tembo wa mwisho wa sarakasi Uingereza, alichukuliwa Sri Lanka akiwa mdogo miaka ya 1950, akazunguka na mahema miongo kwa miongo, na kilichomwokoa 2011 hakikuwa ukaguzi wa serikali, ilikuwa kamera iliyofichwa na watetezi wa wanyama kwenye banda la majira ya baridi, ikamnasa mfanyakazi anampiga kwa uma wa nyasi, kizee wa watu, amefungwa minyororo, ana baridi yabisi ya maungio. Mmiliki alitiwa hatiani mahakamani 2012. Je, bila ile kamera?

5. Visingizio vingine, nitavipitia haraka.

"Wamezaliwa kwenye sarakasi, siyo wa porini tena." Kuzaliwa kwenye banda hakumfanyi mnyama awe mfugo. Ng'ombe, mbuzi, punda, hawa walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa maelfu ya miaka mpaka maumbile yao yakabadilika yakakubali kuishi na mtu. Simba aliyezaliwa ndani ya trela ni simba yule yule, ana mahitaji yale yale, tofauti ni kwamba hajawahi kuyapata. Ndo maana sheria nzuri zinataja aina ya mnyama na hazijali alizaliwa wapi.

"Ni mila, sarakasi tangu zamani ina wanyama." Sarakasi ya kisasa ilianzishwa London mwaka 1768 na Philip Astley, askari wa farasi, shoo yake ilikuwa ya wapanda farasi, wakaongezeka wanasarakasi wa kamba na wachekeshaji. Simba na tembo waliingizwa baadaye, karne ya 19. Yaani tukiwatoa, sarakasi inarudi karibu na ilivyozaliwa.

"Watu watakosa kazi." Hili nalichukulia kwa uzito, kuna familia zinakula kutokana na hema na sitaki hata moja ilale njaa. Ila tuangalie kilichotokea kwingine. Kampuni ya sarakasi ya Cirque du Soleil walianza 1984 Canada bila simba wala tembo wakawa wakubwa kuliko wote. Roncalli ya Ujerumani imeacha wanyama kabisa, wanaonyesha picha za mwanga za farasi na tembo. Ringling ya Marekani iliwaondoa tembo 2016, ikafunga 2017, na ilipofufuka 2023 ilirudi bila mnyama hata mmoja. Watu wananunua tiketi kumwona binadamu anaruka angani bila kamba ya usalama, hilo halijawahi kuisha mvuto. Wale vijana wa kupandiana mabegani niliowaona siku ile walishangiliwa kuliko tembo, na mtoto wa dada yangu mpaka leo anajaribu kusimama kwa mikono ukutani.

"Watoto wanajifunza kuhusu wanyama." Wanajifunza nini hasa? Kwamba dubu huendesha baiskeli?

6. "Tukiwatoa wataenda wapi?"

Hili ni swali la kweli na naomba mlijibu ndani ya sheria yenyewe, msiliache kwenye hotuba. Mexico marufuku ilianza kutumika 2015 bila maandalizi ya kutosha ya pa kuwapeleka, na wanyama wengi wakaishia kusikojulikana. Hiyo ni aibu ya sheria iliyoandikwa nusu. Lakini angalieni Bolivia, walipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi mwaka 2009, na 2011 simba 25 wakapakiwa ndege moja wakapelekwa hifadhi ya Colorado, Marekani. Denmark mwaka 2019 serikali yenyewe iliwanunua tembo wanne wa mwisho, Ramboline, Lara, Djunga na Jenny, kwa kroni milioni 11 hivi. Ufaransa sheria yao ya Novemba 2021 ilipanga ngazi kwa ngazi, miaka miwili kabla ya kukataza kununua na kuzalisha, na miaka saba mpaka mwisho kabisa 2028, ili wenye sarakasi wajipange na hifadhi zijipange. Mimi miaka saba naiona mingi mno, ila angalau wao wana tarehe iliyoandikwa. Sisi hatuna hata hiyo.

Kwa hiyo waheshimiwa, ninachoomba ni hiki, na naomba nijibiwe kimoja kimoja:

a) Mswada utolewe kamati na upangiwe siku ya kusomwa mara ya pili katika kikao hiki.

b) Marufuku ihusu kuonyesha na siyo kufanyisha michezo peke yake. Mkiandika "michezo" tu, kesho yake utakuta simba hayupo ulingoni ila yupo nje ya hema kwenye kizimba na watu wanalipa kumpiga picha, safari ile ile, trela ile ile.

c) Siku sheria itakapotiwa saini, kununua na kuzalisha wanyamapori kwa ajili ya sarakasi kuishe siku hiyo hiyo, hata kama waliopo watapewa muda. Huo muda usizidi miaka miwili.

d) Kila mnyama aliyepo aandikishwe ndani ya miezi mitatu, picha, umri, alama za mwilini, chipu chini ya ngozi, na orodha iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Bila orodha hamtajua nani ametoweka, na mtu hawezi kuja kuuliza yule tembo mwenye sikio lililochanika yuko wapi.

e) Itengwe bajeti ya kuwapokea, na mwenye sarakasi anayemsalimisha mnyama mapema asaidiwe kubadilisha shoo yake. Asiyesalimisha anyang'anywe na ashtakiwe.

f) Itajwe ofisi moja, kwa jina, yenye jukumu. Moja tu, ili mwananchi mwingine asizungushwe kama nilivyozungushwa mimi.

Nimeambatanisha nakala za barua zangu tatu za awali na orodha ya simu tano nilizopiga, tarehe na saa.

Jambo moja la mwisho. Wiki iliyopita nimeona sarakasi ile ile imebandika mabango ya msimu mpya, vituo kumi na nne, na kwenye bango katikati kabisa kuna picha ya tembo amevalishwa kitambaa chekundu chenye vimetameta kichwani. Kitambaa kimeshuka upande mmoja lakini sikio la kushoto linaonekana. Ni yeye. Kituo cha kwanza kinaanza wiki sita kuanzia leo, na ninaomba majibu yenu kabla hajapandishwa tena kwenye trela.

Wenu kwa heshima na kwa kusubiri,

Mwananchi aliyewaandikia mara tatu